Biashara na Uchumi kwa Anayeanza: Mwongozo wa Siku Saba Kwenye Meza ya Mahamri

Kila muhula unapoanza, maswali yale yale hunifikia. Mwanafunzi wa kwanza huuliza kama mapato na faida si kitu kimoja. Wa pili hushikilia kwamba mtaji ni pesa, basi. Wa tatu amekariri kwamba uhitaji ukipanda bei hupanda, na amekariri pia kwamba bei ikipanda uhitaji hushuka, na sasa sentensi hizo mbili zinamzungusha kichwa kwa sababu kila moja inaonekana kuivunja mwenzake. Nimeyajibu maswali haya ana kwa ana mara nyingi mno, nikaona heri niyaandike mara moja kwa utaratibu.

Njia ninayoipendekeza ni hii: tafuta biashara moja ndogo mtaani kwako, ukae karibu nayo siku saba ukiwa na daftari, na uzihesabu shilingi zake kabla ya kufungua ukurasa wa fasili. Mwanafunzi anayeanza na fasili hukariri maneno asiyoyahitaji bado, ilhali anayeanza na hesabu hufika mahali akakwama kwa kukosa neno, na neno likija wakati huo halimtoki tena. Nitatumia meza ya mahamri kwa sababu hapa Mombasa hakuna mtaa usiokuwa nayo, na kwa sababu biashara hiyo huanza na kwisha ndani ya asubuhi moja, kabla jua halijawa kali.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja na kalamu. Gawanya daftari sehemu nne: vifaa, gharama, mauzo, na maswali.
- Kikokotoo, au simu yenye kikokotoo.
- Meza moja ya biashara ndogo na ruhusa ya mwenyewe.
- Muda wa saa moja kila asubuhi kwa siku saba mfululizo. Siku tatu hazitoshi, kwa kuwa Ijumaa na Jumapili hazifanani na Jumanne.

Huhitaji kompyuta wala kitabu kipya. Kile cha shuleni kitakufaa mwishoni, ukitaka kulinganisha maneno yako na yake.

Hatua ya 1: Chagua biashara na uombe ruhusa

Chagua biashara ambayo mwenyewe hununua, hutengeneza na huuza kwa mkono wake: mahamri, viazi karai, kahawa chungu na kashata, au madafu. Usichague duka kubwa la vyakula wala tuktuk kwa zoezi la kwanza. Duka lina bidhaa mamia, na tuktuk ina mkopo, bima na vipuri vitakavyokuvuruga kabla hujajua kutenganisha gharama moja na nyingine.

Nenda jioni, wakati mwenye meza hana foleni. Mwamkie kama inavyopasa, “Shikamoo, bi mkubwa,” kisha mweleze kwamba wewe ni mwanafunzi na unataka kujifunza hesabu za biashara yake. Mwahidi mawili: jina lake hutaliandika popote, na hesabu zake hutamwonyesha jirani yake anayeuza mahamri upande wa pili wa barabara. Ahadi ya pili ndiyo itakayomfanya akubali au akatae.

Hatua ya 2: Orodhesha kila kinachotumika

Siku ya kwanza usihesabu pesa. Tazama tu na uandike: unga, nazi, sukari, iliki, hamira, mafuta, makaa, jiko, karai, upawa, meza, kitambaa cha kufunikia, nafasi ya meza yenyewe, kijana anayeosha vyombo, na bi mkubwa mwenyewe aliyeamka saa tisa usiku kukanda.

Kisha panga ulivyoandika katika mafungu manne ya vipengele vya uzalishaji. Nafasi anayokalia na vitu vya asili visivyotengenezwa na binadamu huingia katika ardhi, na malipo yake huitwa pango. Kazi ya kijana, na ile ya kukanda na kukaanga, ni nguvukazi, nayo hulipwa ujira. Jiko, karai na meza ni mtaji, na malipo yake ni riba. Uamuzi wa kuamka, kukusanya vyote hivyo mahali pamoja na kubeba hasara mahamri yasiponunuliwa ni ujasiriamali, ambao malipo yake ni faida, ikipatikana. Unga, nazi na sukari ziandike pembeni kama malighafi.

*Onyo.* Hapa ndipo wengi hupotea kwa mara ya kwanza. Neno “mtaji” lina maana mbili, na vitabu haviwaonyi wanafunzi vya kutosha. Katika uchumi, mtaji ni vitu vilivyotengenezwa ili visaidie kuzalisha vitu vingine, kama karai. Katika uwekaji hesabu, mtaji ni thamani aliyoiweka mwenye biashara, ikiwamo pesa taslimu. Swali likitaja vipengele vya uzalishaji, jibu karai. Swali likitaja mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya biashara, jibu thamani ya mwenyewe. Ukichanganya, utakosa alama katika maswali yote mawili ingawa unalijua jambo lenyewe.

Hatua ya 3: Tenga gharama mbili

Siku ya pili, uliza bei ya kila kitu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu. Wewe weka za meza yako.

Tuseme bi mkubwa hukaanga mahamri 200 na kuuza kila moja kwa Sh10. Matumizi yake ya siku ni haya:

- Unga, pakiti 3 za Sh180: Sh540
- Mafuta: Sh300
- Makaa: Sh180
- Nazi 4 za Sh40: Sh160
- Sukari: Sh150
- Hamira na iliki: Sh70
- Nafasi ya meza: Sh100
- Kijana wa kuosha vyombo: Sh200

Mistari sita ya kwanza inajumlisha Sh1,400. Hizi ni gharama zinazobadilika, kwa sababu akikaanga nusu atatumia takriban nusu. Mistari miwili ya mwisho, Sh300, ni gharama zisizobadilika: akikaanga mahamri 200 au 20, mwenye nafasi na kijana watadai chao.

Gawanya Sh1,400 kwa 200, upate Sh7. Hiyo ndiyo gharama inayobadilika ya hamri moja. Kila hamri linalouzwa kwa Sh10 huacha Sh3, na hizo Sh3 kwanza hulipa pango na kijana. Gawanya Sh300 kwa Sh3, upate 100. Akikaanga na kuuza mahamri 100 hapati faida wala hasara; hicho ndicho kiwango cha kurudisha gharama, na kuanzia hamri la 101 ndipo anapoanza kujifanyia kazi mwenyewe.

*Onyo.* Hesabu hiyo ya 100 ni kweli ikiwa amekaanga 100. Ikiwa ameshakaanga 200, Sh1,400 zimeshaingia karaini na hazirudi, kwa hiyo ili arudishe Sh1,700 zote lazima auze 170. Akiuza 150, ana hasara ya Sh200, ingawa ameuza zaidi ya “kiwango” ulichokiandika daftarini. Vitabu vingi hupita juu ya jambo hili kwa sababu vinadhani kila kilichotengenezwa kimeuzwa. Mvua ya Mei ikimkuta bi mkubwa barabarani na sinia limejaa, dhana hiyo hulowa pamoja na kitambaa.

Hatua ya 4: Tofautisha mapato na faida

Mapato ni yote yaliyoingia kwa mauzo: mahamri 200 kwa Sh10, yaani Sh2,000. Faida ni kinachobaki baada ya kuondoa gharama zote: Sh2,000 kutoa Sh1,700, yaani Sh300. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, nakiri kwamba mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu.

Nilipokuwa shuleni niliuza barafu za ukwaju zilizofungwa kwenye nailoni, enzi za kabla ya Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Ukwaju, sukari na nailoni zilinigharimu kama Sh120. Nilipata barafu 60, nikaziuza Sh5 kila moja, nikashika Sh300, nikajitangaza kuwa na faida ya Sh180 kwa siku. Mwezi ulipokwisha nilimweleza mama kwa fahari nilichokusanya. Hakubisha. Aliinuka, akaleta risiti ya stima, akaiweka mbele yangu, akasema, “Na friji nayo ilikuwa ikisoma kitabu gani?” Baada ya hapo nilianza kumlipa sehemu ya stima, na biashara yangu ikaonekana sura yake halisi, ambayo haikuwa ya kujivunia.

Kwa hiyo, unapoandika gharama za meza yako, uliza swali moja la ziada: kuna kitu gani kinachotumika hapa ambacho mtu mwingine anakilipia? Maji ya kisima cha nyumba, jiko la kuazima, mtoto anayesaidia kabla ya kwenda shule. Viandike, hata kama havina bei iliyolipwa leo.

Hatua ya 5: Tafuta gharama ya fursa

Swali hilo linakuingiza katika wazo lililo katikati ya uchumi wote. Vitu ni haba, saa ni haba, nguvu ni haba, kwa hiyo kila unapochagua kimoja unaacha kingine. Gharama ya fursa ni thamani ya kile bora zaidi ulichokiacha.

Muulize bi mkubwa, kwa upole na bila kumfanya ahisi anahojiwa, kwamba kama asingekaanga mahamri, asubuhi zake angezitumia vipi. Tuseme anajibu kwamba anaweza kupika katika mkahawa kwa Sh400, au kufua nguo za watu kwa Sh300, au kulala. Gharama yake ya fursa ni Sh400. Wanafunzi wengi hujumlisha zote na kuandika Sh700, jambo lisilowezekana kwa kuwa hawezi kuwa mkahawani na penye karo la kufulia kwa saa ile ile. Chukua moja, ile bora.

Sasa rudi kwenye faida ya Sh300. Mhasibu atasema biashara ina faida ya Sh300. Mchumi ataondoa zile Sh400 na kusema kuna hasara ya Sh100. Hakuna aliyekosea, kwa sababu wanajibu maswali tofauti: wa kwanza anauliza pesa zimeongezeka kiasi gani, wa pili anauliza kama asubuhi hii imetumiwa mahali panapolipa zaidi. Usimwambie bi mkubwa kwamba ana hasara. Huenda kukaa mlangoni kwake akiwatazama wajukuu kuna thamani kuliko hizo Sh100, na thamani hiyo nayo ni halali katika hesabu ya mchumi, ila daftari lako halina safu yake.

Hatua ya 6: Tengeneza jedwali la uhitaji na ugavi

Kwanza tulimalize tatizo la lugha. Baadhi ya vitabu hutumia neno “mahitaji” kwa mambo mawili: vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo, na kiasi ambacho wanunuzi wako tayari na wanaweza kununua kwa bei fulani. Katika daftari lako, la kwanza liite mahitaji ya lazima, na la pili uhitaji. Angalia pia maneno “wako tayari na wanaweza”. Mtoto anayelitazama hamri kwa hamu bila shilingi mfukoni hayumo katika uhitaji, hata akilia.

Siku ya tatu na ya nne, waulize wateja wangenunua mangapi kama bei ingekuwa Sh8, Sh10, Sh12 au Sh15, ukizidisha majibu yao kwa makadirio ya wateja wa siku nzima. Kisha muulize bi mkubwa angekaanga mangapi kwa kila bei; huo ndio ugavi, yaani kiasi ambacho muuzaji yuko tayari kuuza kwa bei fulani. Utapata kitu kinachofanana na hiki:

- Kwa Sh8: wanunuzi wanataka 240, yeye angekaanga 120
- Kwa Sh10: wanunuzi wanataka 200, yeye angekaanga 200
- Kwa Sh12: wanunuzi wanataka 150, yeye angekaanga 260
- Kwa Sh15: wanunuzi wanataka 80, yeye angekaanga 320

Kwa Sh8 kuna upungufu wa mahamri 120, na wanaochelewa kuamka watakunywa chai kavu. Kwa Sh12 kuna ziada ya 110. Kwa Sh10 pande mbili zinakutana, na bei hiyo huitwa bei ya msawazo. Kusema kweli soko ni meza zote za mtaa pamoja, kwa hiyo kwa mtihani chukulia kwamba jedwali hili ni la soko dogo.

Sasa tumjibu yule mwanafunzi wa tatu aliyezungushwa kichwa. Bei inapopanda kutoka Sh10 hadi Sh12, kiasi kinachotakiwa kinashuka kutoka 200 hadi 150, lakini jedwali ni lile lile. Umehama tu kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Hayo ni mabadiliko ya kiasi kinachohitajiwa. Uhitaji wenyewe hubadilika pale ambapo jedwali zima linaandikwa upya, yaani kwa bei ile ile ya Sh10 watu wanataka idadi nyingine. Ramadhani inaonyesha hili vizuri. Asubuhi wateja Waislamu wamefunga, na kwa Sh10 ile ile meza inayouza 200 huenda ikatakiwa 40 tu. Kisha baada ya alasiri, watu wakitafuta futari, idadi hupanda kuliko siku za kawaida. Bei haikuguswa. Kilichobadilika ni sababu nyingine, na jedwali zima limesogea.

Kwa ugavi, nenda ukatazame samaki. Wakati wa upepo wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wa ngalawa na mashua ndogo hawafiki mbali, kwa hiyo samaki wanaoletwa hupungua na bei hupanda. Kaskazi ikivuma, bahari hutulia na hali hugeuka. Aliyekuambia bei ya samaki aina ya changu imepanda kwa sababu watu wanawapenda sana samaki mwezi wa Julai hakutazama upepo. Kabla ya kujibu swali lolote la namna hii, jiulize kwanza nani amesukumwa, mnunuzi au muuzaji, na uandike neno moja pembeni: “uhitaji” au “ugavi”. Ndipo uanze sentensi.

Jambo moja la kuvutia liko katika jedwali lile. Kwa Sh12, akikaanga 150 tu, mapato hushuka hadi Sh1,800, lakini gharama nazo hushuka hadi Sh1,350, na faida inakuwa Sh450 badala ya Sh300. Kwa nini basi hauzi kwa Sh12? Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja swali hilo, akanyoosha kiganja chenye sarafu za kumi na ishirini, akaniuliza chenji ya shilingi nane nane ataitoa wapi asubuhi yote. Akaongeza kwamba jirani yake atabaki na Sh10. Badala ya kupandisha bei, muuzaji huyo alipunguza ukubwa wa donge. Pima mahamri ya meza yako kwa mzani siku unga unapopanda. Mara nyingi utakuta bei imesimama pale pale na hamri limekonda.

Hatua ya 7: Andika mizania

Siku ya tano, usitazame mauzo. Andika biashara ina nini na inadaiwa nini kwa saa hiyo hiyo uliyokaa, kama mtu anayepiga picha.

Mali: karai na vyombo Sh4,500, meza Sh3,000, jiko Sh1,500, pesa taslimu na zilizo kwenye M-Pesa Sh1,600, malighafi Sh900, wateja waliokula kwa mkopo Sh500. Jumla Sh12,000.

Madeni: duka la jumla Sh2,000, mkopo wa chama cha kuweka akiba Sh3,000. Jumla Sh5,000.

Mali ikitolewa madeni, kinachobaki ni mtaji wa mwenyewe: Sh7,000. Kanuni ni kwamba mali siku zote ni sawa na madeni pamoja na mtaji.

*Onyo la kwanza.* Usibadilishane “wadaiwa” na “wadai”. Wadaiwa ni wale waliokula mahamri wakasema watalipa Ijumaa. Deni lao ni mali ya biashara. Wadai ni wanaokusubiri wewe uwalipe.

*Onyo la pili.* Bi mkubwa akichota Sh200 za nauli ya mjukuu, hiyo si gharama ya biashara. Ni uchotaji wa mwenyewe, nao hupunguza mtaji bila kugusa faida. Hata mahamri sita yanayoliwa nyumbani huingia humo, kwa bei ya kuyatengeneza.

Hatua ya 8: Iunganishe meza na nchi

Hatua hii ni fupi, kwa kuwa mambo mengi ya uchumi mpana, yaani uchumi wa nchi nzima, yanahitaji muda zaidi ya wiki. Fuata pakiti ya unga kurudi nyuma. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa Kenya hutoka ng'ambo, na hushushwa hapa hapa bandarini Kilindini. Vita vilipozuka Ukraine mnamo Februari 2022, bei ya ngano duniani ilipanda, kwa kuwa Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa. Ngano hiyo pia hulipiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, na katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Bi mkubwa hajawahi kushika dola, lakini dola imo katika kila donge analolikata.

Mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa bei kwa jumla, hupimwa kwa asilimia. Unga ukitoka Sh180 hadi Sh198, ongezeko ni Sh18. Gawanya kwa 180, zidisha kwa 100, upate asilimia 10. Shirika la Takwimu la Kenya hufanya hivyo kila mwezi kwa kapu zima la bidhaa, na Benki Kuu hulenga asilimia 5, ikiruhusu tofauti ya 2.5 juu au chini. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mfumuko ukishuka kutoka asilimia 9 hadi 5 bei zimeshuka. Bei bado zinapanda, ila polepole zaidi.

Mambo yakikwama

*Mizania hailingani.* Chukua tofauti iliyopo na uigawanye kwa mbili. Ukiona jibu ni tarakimu iliyomo kwenye orodha yako, basi umeiweka upande usio wake. Tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda umegeuza tarakimu, kama kuandika 540 kuwa 450.

*Faida ni Sh300 lakini mkononi mna Sh100.* Usimtuhumu kijana wa vyombo. Tazama nani amekula kwa mkopo, malighafi kiasi gani imenunuliwa kwa siku zijazo, na nani amechota. Faida na pesa taslimu ni dada wanaoishi nyumba mbili.

*Mchoro umekuja kinyume.* Bei huwekwa kwenye mhimili wa wima na kiasi kwenye ule wa mlalo, ingawa mazoea ya hesabu yangekuongoza vingine. Mstari wa uhitaji uteremke kuelekea kulia, na wa ugavi upande juu kuelekea kulia.

*Kiwango cha kurudisha gharama kimetoka na desimali.* Panda juu kila mara. Ukipata 85.7, andika mahamri 86, kwa sababu 85 hayajafidia gharama zote.

*Huna uhakika gharama fulani ni ya fungu gani.* Jiulize kama kesho meza haitafunguliwa, gharama hiyo italipwa? Ikiwa italipwa, haibadiliki. Kijana anayelipwa kwa siku anazokuja tu, kwa kipimo hiki, hahamii fungu la unga moja kwa moja; yuko katikati, na mwalimu wako atakubali upande wowote mradi umeandika sababu.

*Mwenye meza amekataa.* Mshukuru, nunua mahamri mawili, nenda kwa muuza madafu. Gharama zake zinazobadilika karibu zote ni madafu yenyewe, panga lake ni mtaji, na mkokoteni huenda ni wa kukodi, kwa hiyo hatua zote nane zitakwenda kama zilivyo.